Yungiyungi la Vitofali

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumapili, 4 Agosti 1957

Dada yangu Mektilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Wilbert na watoto, na kwamba mvua za huko hazikuwaangushia kahawa. Mimi sijambo, ila kikohozi kidogo cha vumbi la dukani. Bado nimepanga chumba kwa Bi Kuruthumu, yule mama wa Kizaramo niliyekuandikia habari zake zamani. Anakusalimu ingawa hamjuani. Anasema mtu mwenye dada asiyemwandikia mwaka na miezi mitano huyo ana jini, apelekwe akatolewe.

Ni mwaka na miezi mitano kweli, nimehesabu. Sikuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi. Hata leo sijui, kwa hiyo nitaanzia kwenye jambo la kipuuzi.

Tajiri wangu, Bwana Jivraj, aliagiza vifungo vya mashati kutoka Uingereza. Likaja kasha kubwa, tukalivunja, ndani hamna kifungo hata cha dawa. Limejaa vitofali vya plastiki, kila kimoja kidogo kuliko kiberiti, vyekundu, vyeupe, vya kijani na vya manjano. Juu vina vinundu, chini vina uwazi, ukikibana kimoja juu ya kingine vinashikana. Ni vitu vya watoto wa Kizungu kujengea nyumba za kuchezea. Bwana Jivraj alishika kichwa. Ameandika kulalamika, hawajamjibu. Akavipanga dirishani, hakuna aliyenunua. Mama mmoja muuza samaki alikuja kutoka Feri na beseni lake kichwani, akatazama sana, akauliza, "Hivi vinaliwa?" Mwisho tajiri akaniambia, "Gaudens, fanya kitu watu wasimame."

Nikajenga nyumba, watu wakapita. Nikajenga lori, wakapita. Siku moja, sijui nini kilinipanda kichwani, nikajenga waridi. Siri yake ni kukisogeza kila kitofali nusu mbele ya kile cha chini, pole pole, mpaka petali inainama yenyewe. Kusema kweli watu walisimama mpaka wakaziba njia. Sasa natengeneza maua. Nina miaka thelathini na moja, nina ndevu, na kutwa nzima nachezea vitu vya watoto huku watu wazima wakinitazama. Nacheka, halafu naona hakuna cha kuchekesha. Bi Kuruthumu alichukua waridi moja akaliweka sebuleni, na kila asubuhi analinyunyizia marashi. Anasema ua lisilonukia ni picha tu.

Nilitaka kuuliza kitu kimoja. Kaburi la mama lina msalaba? Na Siku ya Marehemu nani huliwekea maua? Kama hakuna mtu, naweza kutuma moja ambalo halinyauki.

Mdogo wako,
Gaudens


Kilema,
Jumapili, 1 Septemba 1957

Mdogo wangu Gaudens,

Milele amina. Marahaba. Sisi hatujambo. Benedikta wangu amepata kipaimara na sasa anajiona mtu mzima, hataki kutumwa maji. Ng'ombe amezaa dume tena, ndiyo bahati yetu. Baba mkubwa Melkiori miguu inamsumbua lakini mdomo ni mzima kabisa.

Barua yako nilipewa misheni baada ya misa, mbele ya watu. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mpaka leo sijaielewa. Wilbert anasema umekuwa mwashi. Nikamwuliza mwashi gani anajenga maua? Akasema mjini wana mambo yao. Sasa ameshamwambia Padri, na Padri anauliza kama utaweza kuja kutujengea jiko la shule. Nilijaribu kumweleza kwamba ni vitofali vya plastiki vya watoto, akanitazama kwa huruma. Ukijibu, eleza vizuri, nimechoka kukutetea katika jambo nisilolijua.

Kaburi lina msalaba wa mti. Maua naweka mimi, peke yangu.

Sasa sikiliza. Ukoo ulikaa tena mwezi uliopita. Baba mkubwa amerudia neno lake: mtoto wa mwisho, mwenye kurithi nyumba ya mama, ambaye aliitwa wala hakuja kumzika mama yake, huyo hatakanyaga kihamba, shamba hili la ukoo, mpaka alete isale la kuomba radhi. Nyumba ya mama imefungwa, ufunguo anao yeye. Nyuki wameingia darini na hakuna anayewatoa, maana nyumba si yetu, ni yako.

Simu ya maandishi ilipigwa Jumatano, mama akiwa bado anapumua. Hilo kila mtu hapa analijua.

Lete isale, Gaudens. Naandika waziwazi usije ukajifanya mji umekusahaulisha. Jani moja la isale, lifungwe fundo, libebwe na mtu kwa mkono wake. Posta haihesabiki. Likifika, aliyeletewa hana ruhusa ya kulikataa, hata kama moyo wake unachuruzika damu. Huko Dar es Salaam kama hakuna masale, mwambie mtu wetu anayeshuka akuletee, kisha alirudishe kwa jina lako. Ni jani tu. Utakula Krismasi nyumbani.

Ni mimi dada yako,
Mektilda


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo,
Jumapili, 29 Septemba 1957

Dada Mektilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Nashukuru kusikia mko salama. Mpongeze Benedikta. Mwambie Padri mimi si mwashi. Jiko nikilijenga mimi, litaishi sufuria moja.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara nakwama pale pale. Unasema simu ilipigwa Jumatano. Mimi ilinifikia hapa dukani Jumanne, tarehe 13 Machi mwaka jana, saa nne asubuhi, na mama alikuwa udongoni tangu Jumamosi. Karatasi ninayo, naiweka ndani ya kitabu changu cha sala. Muhuri wa Moshi unasema tarehe 12, yaani Jumatatu. Nimeutazama muhuri huo mpaka wino unanichezea machoni. Je, nimekosea kusoma? Au simu zilikuwa mbili, ya kwanza ikapotea? Niambie zilikuwa mbili, dada, mimi nitaamini.

Ni kweli kwamba hata baadaye sikuja. Ningekuja kumzika nani? Nilisikia kwa wapita njia kwamba ukoo umenikataa, nikasema basi, wanikatae. Nikakaa na hasira mpaka nikaizoea. Lakini isale sileti. Isale ni kukiri, na mimi siwezi kukiri kosa nisilolijua. Mwambie Baba mkubwa nimesema hivyo.

Nilichotuma ni ua la kaburi la mama. Ni yungiyungi, kama lile analoshika Mtakatifu Yosefu kule kanisani. Lina majani sita marefu ya kijani, bua, na maua matatu meupe juu. Limenichukua Jumapili nne. Majani ndiyo yaliyonitesa, kwa sababu jani refu la vitofali linataka kukatika katikati. Sikutia gundi, maana gundi inaacha ukoko mweupe na ua linaonekana kama limeugua. Nimelipanga sandukuni juu ya pamba na kulifunga kwa kamba ya katani. Pius, yule utingo wa lori la vitunguu, kijana wa Kirua, ameondoka nalo leo alfajiri kabla sijamaliza kuandika. Nimemwambia tu, "Mpe dada, ataelewa." Barua hii nitaitia posta kesho, nikishaisoma upya na kuondoa maneno makali.

Nimeisoma upya. Sikuondoa kitu.

Gaudens


Kilema,
Jumapili, 13 Oktoba 1957

Gaudens, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Milele amina, marahaba, na karibu nyumbani! Barua kutoka kwako haijafika bado, limefika sanduku tu, lakini sanduku limesema yote. Hapa kila mtu ni mzima, na leo hata miguu ya Baba mkubwa ni mizima.

Pius alifika jioni, Jumamosi ya juma lililopita. Nilikuwa nachambua kahawa. Akaniwekea sanduku mbele yangu, limefungwa kamba. Nikamwuliza, "Umepewa maneno gani?" Akasema, "Kaniambia nikupe, utaelewa." Basi hapo hapo nikajua. Mtu anayebeba kitu kwa mkono, kimefungwa fundo, na maneno ni machache hivyo, kinaweza kuwa nini kingine? Sikulifungua. Nikamtuma Wilbert akawaite wazee.

Tukafungua, Gaudens, humo ndani ilikuwa kama dengu zilizomwagika. Vitu vidogo vidogo, mamia, rangi ya kijani kwa wingi, na vingine vyeupe. Mzee mmoja akasema ni dawa. Pius akaapa kwamba lori liliruka shimo moja tu. Basi Baba mkubwa, ambaye sijawahi kumwona akicheza hata bao, akaketi chini kwenye ngozi akakichukua kimoja, akakichukua kingine, akavibana. Vikashikana. Akacheka kwa sauti! Mara wazee wanne wote wako chini wanagombea vitofali, huyu anasema hicho ni changu, yule anasema umekigeuza juu chini. Walirudi hata siku ya pili, baada ya misa. Pombe ya mbege ilikaa tu, hakuna aliyeigusa.

Vya kijani vilikuwa vimebaki vimeshikana vipande vipande, virefu, vinapanda kama ngazi. Baba mkubwa akaviunganisha pole pole, kimoja juu ya kingine, mpaka likasimama jani refu limeinama kwa juu. Akaliinua. Akalitazama upande huu na huu. Akachukua ile kamba ya katani yenye fundo lako, akaivalisha kwenye shina lake. Akasema, "Huyu kijana ameleta isale. Mjini hakuna masale, akalijenga kwa mikono yake." Mdogo wangu, mzee alilia. Akasema katika maisha yake amepokea majani mengi lakini hajaona mtu aliyehangaika hivi kuomba radhi.

Limepokelewa. Mbuzi amechinjwa. Ufunguo wa nyumba ya mama ninao mimi sasa, na nyuki wametolewa, wametupa na asali. Vile vyeupe vilivyosalia tuliona ni vya kuzibia nafasi sandukuni visije vingine vikatikisika, tumekuwekea.

Njoo Krismasi. Hakuna atakayekuuliza kitu.

Mektilda, dada yako mwenye furaha


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo,
Jumapili, 27 Oktoba 1957

Dada yangu Mektilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa sijui.

Barua yako nilisoma dukani, mbele ya wateja. Nilipofika pale wazee wanagombea vitofali nilicheka mpaka Bwana Jivraj akaja kuona. Nikaendelea kusoma, nikaketi juu ya gunia.

Dada, lile si isale. Lile ni yungiyungi! Vile vyeupe ndivyo maua yenyewe. Kamba ni kamba, nilifunga sanduku lisifunguke. Niliandika yote haya kwenye barua ya tarehe 29 Septemba. Nashangaa haijafika, na sijui kama nitamani ifike au ipotelee huko huko.

Nilimsimulia Bi Kuruthumu. Akapiga makofi kwa kicheko, akasema, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Umesamehewa bure, hujapanda wala hujapalilia, wewe unakwenda kuwachimbulia? Nenda kale mbuzi wako." Amesema kweli. Nimenunua hata shati. Kisha kila nikijiona nimekaa kwenye kiti cha mama, wazee wananipa mkono kwa kunisamehe, mkono wangu unakataa. Nitakuwa nimesema ndiyo, niliitwa nikakaa. Na sikukaa! Au nilikaa? Watu wengi wakisema jambo moja kwa muda mrefu, mtu anaanza kujiuliza mwenyewe.

Kwa hiyo narudia kwa ufupi yaliyomo katika ile barua. Muhuri wa simu unasema Jumatatu, tarehe 12 Machi. Mama alizikwa Jumamosi tarehe 10. Nani aliipiga simu, na siku gani? Ni hilo tu. Nijibu hilo nami nitakuja, hata kama jibu ni baya.

Gaudens


Kilema,
Jumapili, 24 Novemba 1957

Mdogo wangu,

Milele amina. Marahaba. Mvua za vuli zimekuja kwa fujo, mgomba mmoja wa nyuma ya nyumba ya mama umeanguka na mkungu wake mbichi. Benedikta ana mafua. Wilbert amenunua baiskeli, anaisukuma tu, hajajua kuipanda. Masista wanauliza yale maua yako yanatengenezwaje, wangependa la altare.

Ile barua yako ya Septemba haikufika. Mambo ya posta nayo ni mambo ya posta.

Kuhusu lile ulilouliza, nadhani muhuri waweza kukosewa. Wanadamu hukosea. Isale limepokelewa, Gaudens, hata kama wewe unaliita kwa jina jingine. Ukishapokelewa hurudi nyuma kuuliza mlango ulifunguliwa na nani. Njoo. Nimeshapaka nyumba chokaa.

Mektilda


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo,
Jumapili, 15 Desemba 1957

Dada Mektilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Poleni na mafua.

Pius ameshuka juzi na vitunguu. Anasema shemeji Wilbert alimcheka kwamba amelivunja yungiyungi la watu njiani. Nikamwuliza, neno yungiyungi shemeji amelipata wapi? Akasema shemeji alilisoma kwenye barua yangu, ile ambayo wewe, dada, uliisoma ukaificha chini ya godoro. Pius hana ubaya, hakujua anasema nini.

Barua mnayo, basi. Sielewi tena hata kidogo. Ungekuwa mtu mwingine ningejua la kufikiri, lakini ni wewe uliyenibeba mgongoni kwenda misheni.

Krismasi siji. Nawatakia sikukuu njema.

Gaudens


Kilema,
Jumapili, 12 Januari 1958

Gaudens,

Salamu nitaziweka mwisho, ukitaka kuzipokea.

Simu nilipiga mimi, Jumatatu tarehe 12, siku mbili baada ya kumzika. Jumatano hapakuwa na simu. Wilbert alinipa ruhusa na nauli ya kwenda Moshi kuipiga, nikaenda kwa miguu mpaka kwenye barabara kubwa, nikakaa juu ya jiwe, nikarudi nyumbani nikasema nimepiga.

Nimeanza barua hii mara tano. Nilitaka kukuandikia kwamba mama mwenyewe alisema usiitwe, ili usipoteze kazi. Lingekuwa jambo la kusikika. Lakini mama hakusema hivyo, Gaudens. Mama alikuita. Miezi tisa nilimwosha, nilimgeuza, nilimlisha uji kwa kijiko, na miezi tisa kinywani mwake lilikuwa jina moja. Nikiingia na maji anasema, "Gaudens umekuja?" Nasema ni mimi mama, Mektilda. Anasema, "Ahaa," kisha anageukia ukutani. Siku zile za mwisho hakunijua tena kabisa. Aliniita Gaudens, akanibariki kwa jina lako, mkono wake uko juu ya kichwa changu mimi.

Nilikasirika. Ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine iliyojificha nyuma yake. Nilikaa juu ya jiwe lile nikasema, huyu akija sasa, dakika moja tu, atachukua kila kitu, na mimi nitarudi jikoni. Nikasema acha mara hii mama awe wangu. Nilidhani ana wiki mbili au tatu bado, nitapiga kesho, nitapiga keshokutwa. Ijumaa akafa. Watu wakauliza, Gaudens vipi? Nikasema ameitwa tangu Jumatano. Neno likatoka, na sikuweza kulirudisha.

Sanduku lako lilipokuja nilifurahi kuliko wote. Nilijua wewe huna kosa, na bado niliposikia umeomba radhi nilihisi nimefutiwa mimi. Siwezi kulieleza hilo. Barua yako ikafika siku kumi baadaye. Nikaificha.

Hukuja Krismasi, na kiti cha mama kikabaki kitupu, na Baba mkubwa akaanza kusema, kijana huyu ni mtu wa namna gani, anaomba radhi kisha haji kuipokea? Alipoanza kukusema tena, sikuweza. Jumapili iliyopita nilimwambia, mbele ya wote. Wilbert alitoka nje. Baba mkubwa aliomba aletewe lile isale la vitofali. Akaliweka mapajani, akaling'oa kitofali kimoja kimoja mpaka likaisha. Kisha akasema, "Tulipokea kisicho chetu. Mektilda, kata jani, ulipeleke wewe."

Nitakuja kwa basi la Jumamosi, tarehe 15 Februari. Nitakuwa na jani la kweli, lenye fundo, na sanduku lako. Usinipikie. Nitasimama nje ya mlango wa Bi Kuruthumu nikiwa nimelishika. Najua desturi, hutaweza kulikataa, na nasikia aibu kwamba najua.

Shikamoo husemwa na mdogo kwa mkubwa. Leo naona nikuamkie mimi.

Mektilda


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo,
Jumapili, 26 Januari 1958

Dada Mektilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Usinigeuzie salamu, tayari nimechanganyikiwa vya kutosha.

Barua yako ilifika Jumatano. Dukani nilijenga kitu, Bwana Jivraj akauliza ni ua gani, nikamwambia sijui, na kweli sikujua. Nimekukasirikia sana. Naandika hivyo kwa sababu ukifika utaliona usoni, afadhali ulijue kabla. Ulinifungia nje ya kaburi la mama yangu mwaka mzima na zaidi, ukaniacha nijitafutie kosa ambalo halikuwepo.

Na papo hapo, nilipofika mahali uliposema aliniita kila siku, nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto. Halafu nikakuona wewe umeshika kijiko cha uji, umeitwa jina langu, na furaha hiyo sijui niiweke wapi. Miezi tisa, dada. Uliniandikia mara mbili kwamba mama haamki, nami nikajibu tajiri hatoi ruhusa. Sikuwa nimemwomba. Nilidhani na mimi kwamba kuna wiki mbili au tatu bado.

Nasema hilo, lakini simaanishi kwamba sasa tumelingana. Hatujalingana. Sijui tuko wapi.

Nyuma ya karatasi hii nimechora yungiyungi, kila kitofali mahali pake. Sanduku usilibebe, mpe Baba mkubwa na mchoro. Mwambie vyeupe vinakwenda juu. Akilimaliza aliweke kwa mama, na masista wa altare wasubiri.

Lile jani usilikate. Najua Baba mkubwa ndiye aliyesema, mwambie mimi nimekataa. Ukisimama mlangoni na isale mkononi, nitalipokea, maana sina ruhusa ya kufanya jingine, na maisha yangu yote sitajua kama nilikusamehe au nilitii tu. Wewe pia hutajua. Njoo mikono mitupu, ili niwe na nafasi ya kukukataa.

Nimemwomba tajiri ruhusa ya Jumamosi hiyo, ameitoa bila hata neno. Barua hii anaileta Pius, nimemwapisha akupe wewe mwenyewe. Kwa Bi Kuruthumu usiende peke yako, hutapajua, nyumba zote za mtaa huu zinafanana. Shuka ukae pale pale basi la Moshi linaposhusha watu. Sijui nitakuambia nini. Lakini nitakuwa nimesimama hapo tangu asubuhi.

Gaudens